Kuku wa bei nafuu, wa kati na wa huria: fedha yako inanunua nini?

Kuku wawili wamelala kando kwa kando kwenye jokofu. Mmoja ni wa mviringo, kidari kimejaa hadi kimefunika mfupa, ngozi imetuna. Wa pili ni mrefu mrefu, mfupa wa kidari umechongoka, mapaja yamekaza, na bei yake ni mara mbili. Mnunuzi anayewaonea wanyama huruma anamtazama wa pili, kisha anakumbuka idadi ya sahani zinazomngoja nyumbani. Makala haya ni ya mtu huyo aliyesimama hapo, mkono bado hewani.

Kwanza tutenganishe maneno yanayochanganywa kila siku. "Kienyeji" na "kisasa" ni maneno ya mbegu, yaani asili ya ndege. "Huria" ni neno la ufugaji, yaani anaishi wapi na anatoka nje au hatoki. Kuku wa mbegu ya kisasa anaweza kufugwa huria, na kuku wa kienyeji anaweza kufungiwa bandani maisha yake yote. Ukikosa kutenganisha hayo mawili utalipia kitu kimoja ukidhani umelipia kingine, na hilo ndilo kosa linalowagharimu wanunuzi wengi wenye nia njema.

Hapa tunalinganisha aina tatu. Kuku wa banda ni yule wa bei nafuu: mbegu inayokua haraka (Ross 308 na Cobb 500 ndizo zinazojulikana zaidi), anafungiwa ndani, anachinjwa akiwa na siku 35 hadi 42. Kuku wa kati anabaki ndani, lakini ni wa mbegu ya taratibu kiasi, ana nafasi kubwa zaidi na vitu vya kumshughulisha. Kuku wa huria ana mlango wa kutokea nje na eneo la kuzunguka, na huchinjwa akiwa na siku 56 kwenda juu.

Tutawapima kwa mambo sita: maisha ya ndege, gharama, nyama yenyewe, usalama wa mlaji, mazingira, na urahisi wa kuthibitisha unachoambiwa. Mambo hayo hayana uzito sawa, na hatutajifanya kwamba yanao.

## Maisha ya ndege

Tuanze na mbegu, maana tofauti kubwa iko huko kuliko kwenye mlango. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichapisha matokeo ya kulea mbegu tatu kwa pamoja: ya mwaka 1957, ya 1978 na ya 2005. Zote zililishwa chakula kile kile. Siku ya 56, kuku wa 1957 alikuwa na wastani wa gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, na wa 2005 gramu 4,202. Hapo hapakuwa na homoni wala sindano ya siri, ingawa uvumi huo haufi. Ni kuchagua wazazi, kizazi baada ya kizazi, kwa kigezo cha nyama.

Kuku wa banda anabeba matokeo hayo mwilini. Anapopelekwa machinjioni akiwa na kilo 2.2 bado analia kama kifaranga. Nyama imekua mbio, mifupa, moyo na mapafu vinahema nyuma. Ndiyo maana matatizo yake ya kawaida ni miguu kupinda au kuuma, tumbo kujaa maji kwa sababu moyo umeelemewa, na kuku mwenye afya kuanguka ghafla na kufa. Katika siku za mwisho hutumia muda mwingi amelala, kwa kuwa kusimama ni kazi.

Halafu kuna nafasi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2007 huweka kiwango cha kawaida cha kilo 33 za kuku kwa mita ya mraba, na huruhusu hadi 39, hata 42, kwa mabanda yanayotimiza masharti ya ziada ya hewa na usimamizi. Kwenye kilo 39, kuku wa kilo 2.2 wanakuwa 17 au 18 kwa mita moja ya mraba. Kila mmoja anabaki na sehemu ndogo kuliko karatasi ya A4. Hiyo ni hali ya siku za mwisho tu. Wakiwa vifaranga banda lile lile ni uwanja. Lakini siku za mwisho ndizo za mwili mzito.

Chini ya ndege kuna matandazo, kwa kawaida maranda ya mbao au pumba, na hapo ndipo banda zuri hutofautiana na baya. Mfugaji mzoefu huchota konzi moja na kuifumba. Akifungua kiganja, matandazo yakimong'onyoka, ni sawa. Yakibaki donge, maji yamezidi: kinyesi kinaoza, amonia inapanda, macho ya ndege yanawasha, na ngozi ya nyayo na ya vifundo inaungua. Chanzo mara nyingi ni vinywesheo vinavyovuja, hewa isiyozunguka, au ndege kuharishwa na chakula.

Kwa haki yake, banda lina mema. Kifaranga anapata joto, chanjo, maji safi na ulinzi dhidi ya mwewe na kicheche. Banda linaloendeshwa na mtu makini ni mahali pa heri kuliko shamba la huria lililotelekezwa. Jambo moja tu halitibiki kwa umakini, nalo ni mwendo wa mbegu.

Kuna na jambo ambalo halimo kwenye lebo yoyote: wazazi wa ndege hawa. Wakilishwa washibe hunenepa mno, hushindwa kuzaliana na hufa mapema. Kwa hiyo hupimiwa chakula kidogo kuliko hamu yao na huishi na njaa. Kadiri mbegu inavyokua taratibu, ndivyo wazazi wanavyohitaji kubanwa kidogo.

Kuku wa kati anajaribu kurekebisha mbegu kwanza. Mwongozo wa hiari unaojulikana sana, Better Chicken Commitment, unataka mbegu zilizoidhinishwa kwa afya ya miguu na moyo, kiwango kisichozidi kilo 30 kwa mita ya mraba, mwanga wa angalau luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwangaza) ukiwemo wa jua, na kwa kila kuku 1,000 vitu viwili vya kudonoa pamoja na mita mbili za vijiti vya kupandia. (Fanya hesabu: milimita mbili za kijiti kwa kila kuku. Si vitanda, ni ishara.) Pamoja na hayo, ndege hawa hutembea, huchakura na huoga vumbi hadi mwisho wa maisha yao, jambo ambalo wa bei nafuu mara nyingi hawaliwezi hata wakipewa nafasi.

Kuku wa huria ana kile ambacho wengine hawana: ardhi, jua, wadudu, na uamuzi wa kutoka au kubaki. Lakini soma masharti. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, "huria" ya kawaida ina maana ya siku zisizopungua 56, ndani kusizidi kuku 13 au kilo 27.5 kwa mita ya mraba, nje mita moja ya mraba kwa kila kuku, na mlango uwe wazi mchana kwa angalau nusu ya maisha yake. Nusu ya siku 56 ni wiki nne. Zile za mwanzo hukaa ndani kwa sababu kifaranga asiyeota manyoya hufa kwa baridi. "Huria ya jadi" ni daraja la juu: siku 81, mbegu ya taratibu, mita mbili nje, na kuku wasiozidi 4,800 kwa banda. Label Rouge, alama ya ubora ya Ufaransa, nayo inataka siku 81.

Mlango nao si mwisho wa habari. Asili ya kuku ni ndege wa msituni, anaogopa anga tupu. Ukimfungulia uwanja mweupe usio na mti wala kichaka atasogea hatua chache kutoka mlangoni kisha arudi. Eneo la mlangoni hugeuka tope, minyoo na vimelea vya kuhara damu hujazana hapo, na upande wa mbali unabaki na majani yasiyoguswa. Miti, vichaka au hata vivuli vya turubai vilivyopangwa kama njia huwavuta mbali. Na ukiweka mbegu ya haraka huria, mara nyingi italala karibu na chombo cha chakula, kwa kuwa mwili wake hauna haja na safari. Hivyo kuku wa huria wa siku 56 mwenye mbegu ya haraka na kuku wa kati wa mbegu nzuri wanakaribiana kuliko bei zao zinavyosema. Tungempendelea wa kati hapo.

Nje pia kuna meno na makucha. Kukamatwa na wanyama wala nyama, mvua ya ghafla na minyoo ni sehemu ya bei anayolipa ndege kwa uhuru. Mafua ya ndege yakiingia nchini, serikali huweza kuamuru kuku wote wafungiwe, nao wa huria wakabaki ndani kwa wiki nyingi.

Machinjioni wote wanaweza kukutana. Njia ya kawaida ni kuning'iniza ndege miguu juu wakiwa hai, kisha kupitisha vichwa kwenye maji yenye umeme wapoteze fahamu. Njia ya gesi huwalaza ndani ya makreti yao bila kuning'inizwa. Neno "huria" halisemi lolote kuhusu hatua hii; Better Chicken Commitment inasema, inataka gesi au umeme usiohitaji kumgeuza ndege akiwa hai. Ni dakika chache katika maisha yote, lakini usidhani umezilipia.

## Gharama

Chakula ndicho gharama kubwa kuliko zote, mara nyingi asilimia 60 hadi 70 ya gharama za ufugaji. Kuku wa banda hula takriban kilo 1.6 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake. Kufikia kilo 2.2 anakula kama kilo 3.5. Wa kati huhitaji kama kilo 2 kwa kilo moja, jumla 4.4. Wa huria wa siku 81, anayetembea na kupambana na baridi, anakaribia kilo 3, jumla 6.6. Ongeza mzunguko wa banda. Siku 42 na wiki moja na nusu ya kusafisha hutoa makundi saba kwa mwaka. Siku 81 na wiki mbili za kusafisha hazifikishi hata manne. Jengo lile lile, mkopo ule ule, kuku karibu nusu. Bei mara mbili si wizi wala si mapambo, ni hesabu.

Swali la mlaji ni kiasi gani cha nyama kinafika sahani. Kipimo cha kilo cha dukani hudanganya kwa njia mbili: maji na mifupa. Jipimie mwenyewe, mara moja tu inatosha. Pima kuku aliyegandishwa. Mweke kwenye bakuli ndani ya jokofu la kawaida kwa saa 24 au zaidi, kisha pima maji mekundu yaliyotoka. Mpike, ambua nyama yote, ipime. Gawanya bei kwa gramu za nyama iliyopikwa. Kuku aliyepoozwa kwenye maji, na zaidi aliyedungwa maji ya chumvi ili aongezeke uzito, atakuacha na bakuli la kushangaza.

Kwa mfano tu, tuchukue bei ya fedha 100 kwa kilo kwa wa banda, 140 kwa wa kati na 200 kwa wa huria, na uzito wa nyama unaofanana na hali halisi:

| | Banda | Kati | Huria |
|---|---|---|---|
| Uzito mbichi | kilo 2.0 | kilo 1.8 | kilo 1.6 |
| Bei ya kuku mzima | 200 | 252 | 320 |
| Nyama iliyopikwa | gramu 800 | gramu 710 | gramu 620 |
| Bei kwa gramu 100 za nyama | 25 | 35.5 | 51.6 |
| Sahani za gramu 130 kwa fedha 800 | 24 | 17 | karibu 12 |

Mara nyingi husemwa kwamba kuku wa huria "hujilipa" kwa sababu nyama yake ni nzito na inashibisha. Jedwali halikubali. Wa huria ana kidari chembamba na mfupa mwingi kwa uwiano, hivyo pengo la bei linabaki au linapanuka kidogo pale ambapo wa bei nafuu hakuongezwa maji. Anayehamia huria akitaka bajeti isitikisike lazima apunguze nyama karibu nusu. Kuna njia mbili: kula kuku nusu ya siku za awali, au kuweka gramu 65 kwa sahani badala ya 130 na kujaza sufuria kwa kunde na mboga.

Kuna ahueni mbili za kweli. Moja ni mifupa. Mzoga wa kuku wa siku 81 ukichemshwa kwa moto mdogo saa tatu, pamoja na shingo, miguu na ncha za vipapatio, hutoa supu inayoganda ikipoa. Mfupa wa ndege wa wiki sita huacha maji mepesi. Ya pili ni vipande: mapaja ya huria huuzwa kwa bei pungufu kuliko kidari cha huria, na kwa ndege anayetembea paja ndilo lenye utamu. Mtu anayenunua kidari kitupu cha huria analipia sehemu ghali ya ndege ghali, tena sehemu ambayo haimtofautishi sana na mwenzake.

## Nyama yenyewe

Kuku wa banda ni laini na hana mambo mengi. Anaiva haraka, anachukua ladha ya viungo, anavumilia kukaangwa na kuchomwa. Kwa mapishi ya dakika 20 hana mshindani. Kasoro yake ya siku hizi iko kwenye kidari. Kibonyeze kikiwa kibichi: kikiwa kigumu kama mpira, kimetuna na kupauka hasa upande wa juu ulio mnene, hicho ni kidari kilichoshupaa. Kikiwa na michirizi myeupe inayofuata mwelekeo wa nyuzi, ni mafuta na tishu zilizoziba misuli iliyoharibika kwa kukua haraka. Vyote ni salama kuliwa, ila vinatafunika kama raba. Vikate vipande vyembamba kukingama nyuzi, au visage.

Kuku wa kati ana kasoro hizo kwa nadra, na hapikwi tofauti na uliyemzoea. Huo ndio utetezi wake mkubwa jikoni.

Wa huria wa siku 81 anakuadhibu ukimpika kama wa banda. Miguu yake imefanya kazi, ina tishu ngumu zinazohitaji muda kuyeyuka. Mchemshe taratibu dakika 60 hadi 90, povu likipanda kwa uvivu, bila kuchemka kwa fujo. Ukitaka kumchoma, tenganisha: kidari kitoke kikifika nyuzi 74 za Selsiasi, mapaja yaendelee hadi 85 au 90. Malalamiko mengi kwamba "kuku wa huria ni mgumu" ni malalamiko kuhusu saa.

## Usalama wa mlaji

Hapa huria haiongozi, na ni vema kusema wazi. Bakteria aina ya kampilobakta huishi kwa ndege wa porini na udongoni, na makundi yanayotoka nje huambukizwa kwa urahisi. Salmonela inategemea zaidi usafi wa vifaranga, chakula na banda kuliko mlango. Kwa aina zote tatu kanuni ni zile zile: usioshe kuku mbichi kwenye sinki, maana matone hurusha bakteria hadi kwenye vyombo, ubao wake uwe peke yake, na pima joto kwenye sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa, nyuzi 74.

Usiogope wekundu karibu na mfupa wa kuku wa banda aliyefikia joto hilo. Mifupa ya ndege mchanga ni laini, uboho hupenya na kutia nyama rangi.

Kuhusu dawa, mbegu ya taratibu kwa kawaida huhitaji viuavijasumu kidogo. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuzitumia kama kikuzaji tangu 2006, lakini dunia nzima haina sheria moja. Banda linalotumia dawa kwa maagizo ya daktari wa mifugo na kuheshimu siku za kusubiri kabla ya kuchinja si tishio kwa sahani yako. Hatari ni usugu wa bakteria, na huo unatuhusu sote.

## Mazingira

Aibu ya huria iko hapa. Chakula karibu mara mbili kwa kilo ya nyama maana yake ni shamba zaidi la nafaka na soya, na moshi zaidi. Wa banda anashinda kwa kilo. Wa kati yuko katikati. Kwa upande mwingine, mabanda mengi yaliyosongamana eneo moja hutoa kinyesi kuliko ardhi ya karibu inavyoweza kumeza, na mito huathirika. Familia inayohamia huria na kula nusu ya nyama inafuta sehemu kubwa ya deni hilo. Inayohamia bila kupunguza inaliongeza.

Hesabu nyingine ya kimaadili hukaa kimya hapa. Kuku mdogo hutoa nyama kidogo, kwa hiyo kilo zile zile zinahitaji ndege wengi zaidi kuchinjwa. Anayehesabu idadi ya vifo na anayehesabu siku za maumivu hawatafika jibu moja, na wote wawili wana hoja.

## Kuthibitisha unachoambiwa

Maneno haya hayana uzito yakisimama peke yake: "asilia", "wa shambani", "freshi". "Bila homoni" ni tupu kabisa, kwa sababu Umoja wa Ulaya na Marekani haziruhusu homoni kwa kuku wowote. Ni kama kuuza maji "yasiyo na mfupa". "Amelishwa mahindi" hueleza rangi ya ngozi, haielezi maisha. Na nchini Marekani "huria" humtaka mzalishaji aonyeshe kwamba kuku waliruhusiwa kutoka nje. Haitaji mita wala mbegu.

Muuzaji au mfugaji muulize maswali matatu, kwa mpangilio huu. Mbegu gani? Wamechinjwa na siku ngapi? Wangapi kwa mita ya mraba siku ya mwisho? Mfugaji wa kweli hujibu kabla hujamaliza kuuliza. Anayejibu "wanakula vizuri tu" amekujibu pia.

Mwili wa ndege nao husema. Tazama kifundo cha nyuma ya mguu, pale paja la chini linapoishia. Doa la kahawia au jeusi, kavu kama la sigara, ni ngozi iliyounguzwa na matandazo yenye amonia. Ukipata kuku mzima mwenye miguu, geuza nyayo: ngozi safi na nene ni dalili njema, kidonda cheusi katikati ni ushahidi wa sakafu mbichi. Kucha zilizolika hutoka kwa ndege aliyechakura.

## Nani achague nini

*Bajeti imebana na kuna watoto wanaohitaji protini.* Kuku wa banda ni uamuzi halali. Nunua mzima, si vidari, epuka aliyeongezwa maji, chemsha mifupa. Hamna haja ya kuomba radhi kwa mtu.

*Unaweza kuongeza karibu nusu ya bei, na kinachokusumbua ni mateso.* Tafuta wa kati mwenye mbegu iliyotajwa. Kwa kila fedha ya ziada, hapa ndipo ndege anapopata nafuu kubwa zaidi.

*Unakula kuku mara mbili kwa mwezi.* Huria wa siku 81, mzima, apikwe taratibu. Kwa idadi hiyo pengo la bei linavumilika, na supu ya siku ya pili ni mlo kamili.

*Unalisha watu 200 kwa siku moja.* Huria kwa wingi huo mara nyingi hapatikani kwa ukubwa unaolingana, na vipande visivyolingana haviivi pamoja: vidogo vinakauka, vikubwa vinabaki vibichi mfupani. Chukua wa kati, au wa banda kutoka kwa mfugaji uliyemwona.

*Mazingira ndiyo yanayokunyima usingizi.* Kupunguza kiasi kuna nguvu kuliko kubadilisha aina. Ukishapunguza, chagua kwa kigezo cha ndege.

*Una uwanja na unafikiria kufuga kumi wa nyumbani.* Kwa mbegu ya taratibu hadi siku 81 weka akiba ya kilo 70 hivi za chakula, banda la kufunga usiku lisilopitisha kicheche, na eneo la nje uligawe mara mbili ili upande mmoja upumzike minyoo ife. Tegemea kupoteza mmoja au wawili. Na kabla ya kununua vifaranga, amua nani atakayechinja.

*Duka lina aina moja tu, ya bei nafuu.* Geuza pakiti, tazama vifundo na maji yaliyojikusanya chini ya trei, chagua aliye msafi na mkavu. Kisha mwulize muuzaji yale maswali matatu hata kama unajua hana majibu. Akiulizwa na wateja wa kutosha, naye atamwuliza anayemletea.